‘Activate Windows’ kwenye kompyuta ya shule: kabla ya kumlaumu mtoto

Maneno yenyewe ni machache, yana rangi ya kijivu iliyofifia, na hukaa kona ya chini upande wa kulia wa kioo: ‘Activate Windows’. Hayapigi kelele wala hayazimi mashine. Lakini katika nyumba moja ya Uyole, jijini Mbeya, Julai 2025, yalitosha kumfanya mama na mwanawe wa kidato cha nne wapitishe siku tatu bila kuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba.

Mama huyo ni mwalimu wa sekondari ya kata. Kompyuta mpakato aliyokuwa nayo si yake, ni ya shule. Ilifika katika shehena ya mashine zilizotumika, zilizotolewa msaada na marafiki wa shule walioko Ulaya, na Januari walimu kadhaa wakagawiwa kila mmoja ya kwake, wakasaini kwenye daftari la vifaa. Kwa sababu hiyo jina lake na la shule havitajwi hapa.

Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na alama za wanafunzi za muhula mzima, maazimio ya kazi, na mtihani wa majaribio wa kidato cha nne aliokuwa ameutunga nusu. Mtihani ulikuwa unatakiwa kwa mwalimu wa taaluma wiki ya kufungua shule. Wakati wa likizo mwanawe alikuwa akiitumia jioni kusoma, na kama vijana wengine, akimaliza kusoma anafungua video.

Basi maandishi yalipotokea, mama hakutafuta sababu mbali. “Umeingiza nini humu ndani? Hii ni mali ya shule, mimi nimesaini.” Kijana akaapa hakugusa kitu. Baba, ambaye kazi yake ni kukusanya viazi vijijini na kuvipakia kwenye malori ya Dar es Salaam, akaliona jambo kwa jicho la biashara: “Mwalimu, hiyo ni kazi ya elfu kumi na tano pale Mwanjelwa. Wanapiga window, jioni unarudi nayo.”

Wazazi wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli, na wote wawili wangeweza kusababisha hasara.

Maandishi yale yanasema nini

Wengi huyachukua maneno hayo kama dalili ya virusi, au kama tangazo la kutaka hela. Si virusi. Ni Windows, yaani mfumo endeshi unaoiongoza kompyuta nzima, inasema kwamba imejaribu kuthibitisha leseni yake na haikufaulu. Kwa Kiswahili cha Microsoft yenyewe kitendo hicho kinaitwa kuamilisha. Mitaani watu husema tu ‘ku-activate’.

Kinachotuliza ni kwamba Windows isiyoamilishwa haifuti kazi ya mtu. Mafaili yanabaki, yanafunguka, yanachapwa. Kinachofungwa ni mambo ya urembo: kubadilisha picha ya nyuma, rangi na mandhari kupitia mipangilio. Maandishi ya kona nayo yataendelea kukaa pale, na mara kwa mara utakumbushwa. Kwa hiyo mwalimu mwenye mtihani wa kumalizia anaweza kuumalizia usiku huohuo. Ila asichanganye Windows na Word. Word, Excel na wenzao wana leseni yao ya peke yao, na wao wakikosa leseni wanaweza kweli kukataa kuandika, wakabaki kusoma tu. Mtu anayesema “window imegoma” mara nyingi ukimwangalia vizuri ni Word iliyogoma, na dawa yake ni nyingine.

Leseni za Windows zinafika kwenye kompyuta kwa njia mbalimbali, na hapo ndipo penye kiini cha mgogoro wa nyumba ile.

Ya kwanza ni leseni inayozaliwa na mashine. Kiwanda kilichotengeneza kompyuta kinainunua na kuiweka. Tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, ufunguo wake wa herufi na tarakimu 25 huhifadhiwa ndani kabisa ya mashine, kwenye chipu ya ubao mkuu, mahali ambapo hata ukifuta diski yote haupotei. Leseni hiyo inafuata mashine popote iendapo, hata ikiuzwa au kutolewa msaada. Ya pili ni ile mtu anayojinunulia mwenyewe, akapewa ufunguo wake. Hii haina mengi.

Ya tatu ndiyo yenye mambo. Chuo, hospitali au halmashauri yenye mamia ya kompyuta hainunui leseni mojamoja. Inapata leseni ya jumla, na ndani ya mtandao wake inaweka seva moja inayoziamilisha kompyuta zote. Mashine inaiuliza seva, seva inajibu ndiyo, na ndiyo hiyo inadumu siku 180. Kila baada ya siku saba mashine hujaribu kuuliza tena, na ikipata jibu hesabu ya siku 180 inaanza upya. Mfanyakazi aliye kila siku ofisini hawezi hata kujua kwamba mazungumzo hayo yapo. Lakini mashine ikitolewa kwenye mtandao ule, ikafungwa kwenye boksi, ikapandishwa meli, hesabu inaendelea kushuka bila mtu wa kuipandisha.

Anayetaka kulielewa kwa haraka afikirie laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Unapiga, unapokea, unatuma hela, maisha yanaendelea. Siku uhakiki unapofika, anatafutwa mwenye kitambulisho, na wewe humjui hata aliko.

Siri ya kundi la WhatsApp

Siku ya tatu ya kununiana, mwalimu aliamua kuuliza. Aliandika ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa shule yake, akaufuta, akauandika tena. Aliuliza kwa kuzungukazunguka, kama anayeuliza kwa niaba ya mtu mwingine: je, kuna aliyewahi kuona maneno haya kwenye mashine za shule?

Kwa dakika kama kumi hakuna aliyejibu. Kisha mwalimu wa Hisabati akasema yake imeandika hivyo tangu Jumatatu. Wa Jiografia akasema na yake. Wa Kiswahili alikuwa ameshatangulia Mwanjelwa, na ya kwake ilikuwa mezani kwa fundi ikisubiri zamu. Hadi saa mbili usiku walikuwa sita, na kila mmoja alikuwa amekaa kimya nyumbani kwake akidhani ni yeye, au mume wake, au mtoto wake, aliyeiharibu mali ya shule.

Katika familia nyingi kompyuta ya shule ndiyo kompyuta pekee ndani ya nyumba. Mtoto akiigusa, lolote litakalotokea baadaye ni lake. Mashine sita kuandika jambo lilelile ndani ya wiki moja si kazi ya mtoto wa mtu. Ni kalenda. Mashine zilikuwa zimeandaliwa pamoja, kwenye mtandao mmoja, karibu siku moja, na siku zao 180 zikaisha pamoja.

Mama hakumwita mwanawe kumwomba radhi kwa maneno. Wazazi wachache wa Uyole wangefanya hivyo. Alimsomea zile meseji za walimu wenzake kwa sauti, moja baada ya nyingine, huku akimenya viazi, kisha akamwambia kuanzia sasa kazi ya kunakili mafaili yake kwenye flashi kila Ijumaa ni ya kwake. Kijana akasema sawa mama.

Flashi ya rafiki

Kuna jambo ambalo kijana alilieleza baadaye, na ambalo lilimtia mama hofu kuliko maandishi yenyewe. Siku ya pili ya ugomvi, akitaka kujisafisha, alimwendea rafiki yake mtaani anayejua kompyuta. Rafiki akampa flashi yenye programu ndogo, ile ambayo vijana huiita ‘activator’, na maelekezo ya hatua mbili: kwanza zima ulinzi wa Windows, kisha bonyeza hapa. Aliichomeka. Ulinzi wa Windows ukaikamata ile programu papo hapo. Akajaribu kuuzima ule ulinzi, na kompyuta ikamuuliza nywila ya msimamizi. Nywila hiyo anayo mwalimu wa TEHAMA shuleni peke yake. Mpango ukaishia hapo.

Nywila ile ndiyo iliyoiokoa nyumba. Programu za kuamilisha kwa wizi hujifanya ni seva ya taasisi. Zinaidanganya Windows kwamba imepata lile jibu la ndiyo. Wapo watakaosema wamezitumia miaka kumi na hakijatokea kitu, na huenda ni kweli kwa wanavyoona wao. Tatizo ni kwamba mtu anaombwa azime mlinzi kwanza, ndipo amfungulie mgeni asiyemjua, tena kwa mamlaka yote ya msimamizi. Desemba 2021 kampuni ya usalama wa mitandao ya Red Canary ya Marekani ilieleza jinsi nakala za programu maarufu ya aina hiyo, KMSPico, zilivyokuwa zikisambazwa zikiwa zimebeba Cryptbot, programu inayoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Windows inaamilika vizuri, maandishi ya kona yanatoweka, mtu anashukuru, na nywila zake zimeshaondoka.

Mwalimu wa serikali ana nini cha kuibiwa? Anaingia kwa kompyuta hiyohiyo kwenye mfumo wa ESS wa watumishi wa umma. Ana barua pepe ambayo ndiyo ufunguo wa akaunti zake nyingine. Na ana majina, namba na alama za watoto wa watu. Tangu kuanza kutumika kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa hizo si mambo ya kuachwa mlango wazi, na shule ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Kuna na upande wa kawaida zaidi. Mtihani wa majaribio uliomo kwenye kompyuta yenye mlango wa nyuma si mtihani tena.

Mwalimu wa TEHAMA afungua mashine

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa TEHAMA alizikusanya zote sita. Ni kijana aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), na kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa mama huyu huyu, kwa hiyo bado anamwita Madam. Swali lake la kwanza halikuhusu leseni. “Madam, mafaili yako yana nakala mahali pengine?” Hayakuwa nayo. Yakanakiliwa kwanza, mashine zote sita, kwenye diski ya nje, kazi iliyochukua asubuhi nzima. Mashine ya mwalimu wa Kiswahili ilirudishwa kutoka Mwanjelwa kabla fundi hajaigusa. Ilikuwa bahati, kwa sababu kupiga window kama kunavyofanywa mezani, kwa haraka, mara nyingi maana yake ni kufuta kila kilichopo na kuanza upya. Baba wa viazi alikuwa sahihi kwamba dawa ni kupiga window. Hakujua kwamba dawa hiyo, ikitangulia nakala, inaondoka na muhula mzima.

Kisha akaangalia tarehe na saa. Linaonekana jambo la kijinga, lakini kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, kila umeme ukikatika na chaji ikiisha, inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2012 haiwezi kuzungumza salama na seva yoyote ya leo, iwe ya Microsoft au ya benki, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hizo vinaonekana kwake kama havijaanza kutumika. Mashine moja kati ya sita ilikuwa hivyo. Alirekebisha saa yake, akaandika pembeni kwamba inahitaji betri, kitu kidogo cha mviringo kama kitufe cha koti.

Baada ya hapo akaziunganisha na intaneti kwa hotspoti ya simu yake. Wengi huruka hatua hii. Mashine ya nyumbani inayotumika miezi bila bando inaweza kuwa haijawahi kupata nafasi ya kuthibitisha chochote, na wakati mwingine saa moja ya intaneti inamaliza kila kitu.

Haikumaliza. Ndipo akafungua Mipangilio, akaenda sehemu ya uamilishaji. Kwenye Windows 10 iko chini ya masasisho na usalama, na kwenye Windows 11 iko chini ya mfumo. Hapo huandikwa namba ya kosa, na namba hiyo ndiyo inayopaswa kupigwa picha na kupelekwa kwa mtaalamu, badala ya kusema tu kwamba kompyuta ina shida. Kwenye mashine ya mama ilikuwa 0x8007232B. Maana yake ni kwamba mashine inatafuta jina la seva ya kuamilisha kwenye mtandao iliopo, na jina hilo halipo. Namba ya jamaa yake, 0xC004F074, inasema karibu yaleyale, kwamba seva haifikiki. Mtu akiona 0xC004C003 hiyo ni habari nyingine kabisa, ufunguo wenyewe umezuiwa, na mara nyingi ni ule ulionunuliwa kwa bei ya kutupa. Na 0xC004F211 hutokea baada ya kubadilisha kifaa kikubwa ndani, hasa ubao mkuu, kwa hiyo mashine iliyotoka kwa fundi wa vifaa ikaja na namba hiyo isimshangaze mtu.

Kuna kipimo kingine ambacho mzazi yeyote anaweza kukifanya mwenyewe bila nywila ya msimamizi. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, kisha kwenye kisanduku kinachotokea andika slmgr /xpr na ubonyeze Enter. Subiri kidogo. Likitokea sanduku lenye neno ‘permanently’, leseni ni ya kudumu na hakuna cha kuhofia. Ikitajwa tarehe, hiyo ni leseni ya taasisi na tarehe ndiyo siku itakapoisha. Likitokea neno ‘Notification’, imeshaisha au haijawahi kuamilishwa. Amri ya slmgr /dli inaeleza zaidi, na kwenye mashine za shule ile ilionyesha waziwazi neno VOLUME_KMSCLIENT, yaani mteja wa seva ya taasisi. Taasisi hiyo ilikuwa Ulaya, na seva yake haikuwa na sababu ya kuijibu Uyole.

Ufunguo uliokuwa ndani muda wote

Hapa ndipo mambo yalipopendeza. Mashine zile zilikuwa na toleo la Windows 10 Education, lililowekwa na wafadhili wenyewe kwa leseni ya taasisi yao. Lakini zilipotoka kiwandani zilikuwa na Windows Pro, na ufunguo wa Pro bado ulikuwa kwenye chipu, haujatumika na mtu. Ni kama familia inayohangaika kukopa jembe kwa jirani ilhali la kwao liko darini.

Ufunguo wa Pro hauifungui Education hivihivi. Mwalimu wa TEHAMA alipakua Windows 10 kutoka tovuti ya Microsoft, ambako kuipakua ni bure. Faili lake ni kubwa, gigabaiti tano na ushee, kwa hiyo alilipakua usiku kwa bando la usiku, akaliweka kwenye flashi ya gigabaiti nane, na akaanza na mashine moja. Wakati wa kusakinisha, Windows ilisoma chipu yenyewe, ikachagua Pro bila kumuuliza ufunguo wowote. Ilipomaliza na kuunganishwa na hotspoti, ikajiamilisha. Ile amri ya /xpr sasa ikatoa neno ‘permanently’.

Mashine nne zilipona hivyo. Mbili zilibaki, na hizi zilikuwa za zamani zaidi, za enzi za Windows 7, zenye kibandiko cha ufunguo chini ya tumbo. Kwa miaka mingi ufunguo wa kibandiko kama kile uliweza kuifungua Windows 10, kwa sababu Microsoft iliacha mlango wa mpango wake wa bure wa kupandisha toleo ukiwa nusu wazi. Mlango huo ulifungwa rasmi Septemba 2023. Fundi anayesema “mbona zamani ilikuwa inakubali” hasemi uongo.

Kwa hizo mbili uongozi wa shule ulikuwa na njia tatu: kununua leseni, kuziacha na maandishi yake, au kuweka mfumo endeshi usiohitaji leseni ya kulipiwa. Walichagua ya mwisho. Zikawekewa Linux, pamoja na LibreOffice inayofungua na kuandika mafaili ya Word. Mwalimu wa Jiografia, aliyeangukiwa na moja kati ya hizo, alinung’unika wiki mbili kwamba meza zake za alama zinahama mistari. Bado ananung’unika, ila ameacha kuomba abadilishiwe.

Si jambo geni kwa Tanzania. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Muda si mrefu Microsoft nayo ikaleta Kiswahili kwenye Windows na Office. Istilahi nyingi zilisumbua vichwa wakati ule, na nyingine mpaka leo watumiaji hawajazikubali. Ni wachache mno wanaotamka ‘amilisha’ kwa fundi wa Mwanjelwa na kueleweka mara ya kwanza.

Jambo la Oktoba

Waliotengenezewa mashine Julai walipata hofu nyingine Oktoba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na habari zikazagaa kwamba kompyuta zote za Windows 10 zitazimika. Hazikuzimika. Windows 10 iliyoamilishwa inabaki imeamilishwa. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza ambao kwa watumiaji wa kawaida unafika Oktoba 2026. Ni hatari ya polepole, lakini ni hatari, hasa kwa mashine inayoingia kwenye mifumo ya mishahara na alama.

Mashine mbili kati ya nne zilikuwa na uwezo wa kupokea Windows 11, na leseni ya Pro ileile ikafanya kazi bila malipo. Mbili nyingine hazikufikia kiwango, kwani Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji kipya, kwa upande wa Intel kuanzia kizazi cha nane. Ya mama ilikuwa kati ya zilizoshindwa. Mwanawe ndiye aliyemweleza hayo, safari hii bila kuulizwa.

Kwa shule zinazopokea msaada

Tanzania inapokea vifaa vya shule kwa njia nyingi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) umepeleka kompyuta kwenye shule za umma, na baada ya Sensa ya 23 Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu vilielekezwa kwa walimu. Hivyo havina Windows, kwa hiyo havina ugonjwa huu. Wenye ugonjwa ni mitumba inayotoka moja kwa moja kwa marafiki wa shule, makanisa, na wahitimu walioko ng’ambo, watu wenye nia njema ambao hawakuwahi kufikiria kwamba seva ya chuo chao haitafika Mbeya.

Hakuna ubaya kumuuliza mfadhili. Aulizwe mapema, kabla mzigo haujapakiwa: Windows iliyomo ni ya mashine yenyewe au ya taasisi? Microsoft ina mpango maalumu kwa wanaokarabati kompyuta zilizotumika, na mashine zilizopita huko hupewa leseni mpya pamoja na kibandiko chake. Nchini Kenya, Computers for Schools Kenya imefanya kazi ya kukarabati kompyuta kwa ajili ya shule tangu mwaka 2002. Mfadhili anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa, na asiyejua atakuwa amejifunza kabla ya kulipia kontena.

Kwa mwalimu mwenye mashine ya shule nyumbani, kazi ni ndogo zaidi. Afanye kile kipimo cha /xpr leo, wakati hakuna shida. Ikitokea tarehe, aiandike na aipeleke kwa mwalimu wa TEHAMA mapema. Asiipeleke mashine kwa fundi wa nje bila mkuu wa shule kujua, hata kama fundi ni ndugu yake, kwa sababu siku ya ukaguzi daftari la vifaa litamtafuta yeye.

Daftari la shule ile sasa limeongezewa safu mbili zilizochorwa kwa rula, baada ya namba ya mashine na saini ya aliyekabidhiwa. Moja ina kichwa ‘aina ya leseni’, na nyingine ‘nakala ya mwisho’. Safu ya pili, kwenye mstari wa mama yule, hujazwa kila Jumatatu asubuhi.